Mboga ipi ina virutubisho zaidi? Niambie kwanza unapima kwa kipimo gani

Hili swali naulizwa sana, mboga gani ndo bora kuliko zote, na anayeuliza huwa anategemea nitaje jina moja tu, niseme spinachi au brokoli basi yaishe. Sitaji jina moja, na sio kwamba nakwepa, ni kwamba kila ukibadilisha kipimo mshindi anabadilika, na hizi orodha za "mboga 10 bora duniani" nyingi hazikwambii zimepima kwa nini. Kwa gramu? Kwa kalori? Kwa kile kinachoingia mwilini kweli? Hayo ni mambo matatu tofauti kabisa na leo nataka tuyapitie taratibu mana naona watu wanahangaika kutafuta mboga fulani ya jina kubwa huku ile waliyonayo jikoni ingewafaa hata zaidi.

Tuanze na orodha moja maarufu. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani anaitwa Jennifer Di Noia, wa Chuo Kikuu cha William Paterson, alichukua mboga na matunda 47 akaangalia virutubisho 17 (potasiamu, faiba, protini, kalsiamu, chuma, foleti ambayo ni vitamini ya kundi B, zinki na vitamini kibao) halafu akapiga hesabu kila mboga inatoa asilimia ngapi ya mahitaji ya siku kwa kila kalori 100. Zilizofuzu zikawa 41. Namba moja ikatoka wotakresi, kale kamboga ka majani madogo yenye ukali kidogo kanakoota kwenye maji yanayotembea, kakapata 100 kamili. Kabichi ya Kichina ikapata karibu 92, spinachi 86 na ushee, keli (jamii ya sukuma wiki yenye majani ya kujikunja) 49, hoho nyekundu 41, brokoli karibu 35, karoti karibu 23, nyanya 20, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vikaambulia 10 na nusu tu. Kitunguu maji na kitunguu saumu havikufuzu kabisa.

Sasa mtu akiisoma haraka haraka anaona kiazi kitamu ni takataka na wotakresi ni dawa. Lakini angalia kile kipimo: kalori 100. Wotakresi ina kalori 11 hivi kwa gramu 100, kwahiyo ili upate kalori 100 inabidi ule karibu gramu 900. Kilo nzima kasoro kidogo ya majani mabichi! Spinachi nayo ina kalori 23 kwa gramu 100, kwahiyo ni gramu 430 na kitu. Kiazi kitamu kina kalori 86, kalori 100 unazipata kwenye kiazi kimoja cha wastani ambacho mtu anakimaliza huku anapiga stori. Kwahiyo orodha imelinganisha furushi la majani na kiazi kimoja. Sisemi utafiti ni mbaya, hapana, kwa mtu anayetaka virutubisho vingi bila kuongeza nishati kile ndo kipimo chake sahihi kabisa, na mwenyewe alikisema wazi. Tatizo ni sisi tunaoinukuu, tunabeba namba tunaacha kipimo.

Na hii janja ya kalori ndo inayotumika kwenye ile posti inayorudi kila baada ya muda, kwamba brokoli ina protini nyingi kama nyama. Kwa kila kalori zinakaribiana kweli, hilo sikatai. Ila kwa uzito brokoli ina gramu 2.8 za protini kwa kila gramu 100, na nyama ya ng'ombe iliyopikwa ina kama gramu 26. Ili brokoli ifikie hapo unatakiwa ule gramu 900 na zaidi kwa mkao mmoja, na sijawahi kuona mtu anafanya hivyo. Ukitaka protini kutoka upande wa mboga, njegere mbichi zina gramu 5.4, karibu mara mbili ya brokoli, na hakuna anayezipigia kelele.

Upande wa pili kuna wauza unga. Majani ya mlonge au majani mengine yanakaushwa yanasagwa, halafu tangazo linasema yana kalsiamu mara kadhaa kuliko maziwa na chuma mara kadhaa kuliko spinachi. Jamani, wametoa maji. Majani mabichi karibu yote ni maji kwa asilimia 80 mpaka 95, ukiyakausha kila kitu kilichobaki kinaonekana kimepanda, na hata spinachi ukiikausha namba zake zitaruka hivyo hivyo. Alafu wanalinganisha gramu 100 za unga wakati mtu anaweka kijiko kimoja kwenye uji, gramu chache tu. Mlonge ni mboga nzuri sana, naipenda, ila linganisha bichi kwa bichi na kavu kwa kavu.

Haya, tuseme tumekubaliana tupime kwa gramu 100. Bado kuna mtego, na spinachi ndo mfano mzuri zaidi wa kuuelewa. Kikombe cha spinachi mbichi ni kama gramu 30, yaani ni hewa tu kati ya majani. Ukiipika inanywea, kikombe cha spinachi iliyopikwa kinafika gramu 180. Mara sita! Kwahiyo kile kikombe kibichi kinakupa chuma chini ya miligramu 1 na foleti kama mikrogramu 58, na kile cha kupikwa kinakupa chuma miligramu 6 na zaidi na foleti mikrogramu 260 hivi, wakati mahitaji ya foleti kwa mtu mzima ni 400 kwa siku na 600 kwa mjamzito. Watu wanabishana mbichi au ya kupikwa ipi ina virutubisho, mimi nasema angalia kwanza imeingia kiasi gani mdomoni. Vitamini C ndo inaumia kweli, kutoka miligramu 28 kwa gramu 100 ikiwa mbichi mpaka kama 10 ikichemshwa, hapo mbichi inashinda bila ubishi, ila kwa foleti na chuma sahani ya kupikwa inaiacha mbali bakuli la saladi. Na kwenye foleti spinachi ina heshima yake ya pekee, wanasayansi wa Texas waliitenga hiyo vitamini mwaka 1941 kutoka kwenye majani ya spinachi, tena tani kadhaa za majani ili wapate kidogo tu.

Sasa kalsiamu. Hapa ndo naomba mtu asome taratibu mana ndo sehemu inayonigusa zaidi, hasa kwa wale wasiokunywa maziwa na wanategemea majani yawajengee mifupa. Ukifungua jedwali la virutubisho utaona spinachi ina miligramu 99 za kalsiamu kwa gramu 100. Keli ina 150 kwenye majedwali ya zamani na kama 250 kwenye mapya. Unasema sawa, keli imeongoza lakini hata spinachi haijakaa vibaya. Ila jedwali linapima kilichomo kwenye jani, halipimi kinachofika kwenye damu. Spinachi imejaa oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea, na oksaleti inaishika kalsiamu inaing'ang'ania, inatoka nayo nje. Watafiti wa Marekani Robert Heaney na Connie Weaver walipima hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwaka 1990, wakakuta kalsiamu ya spinachi inafyonzwa kama asilimia 5 tu, ya maziwa kama 30, na ya keli kama 40. Soma tena hapo, keli inafyonzwa vizuri kuliko hata maziwa! Sasa piga hesabu, 99 mara asilimia 5 unapata miligramu 5, na keli hata tukichukua ile namba ndogo ya 150 unapata 60. Kwenye karatasi zinatofautiana kidogo, mwilini zimeachana zaidi ya mara kumi. Jamii yote ya kabichi imekaa upande mzuri wa hili jambo, sukuma wiki, brokoli, kabichi ya Kichina, oksaleti yao ni ndogo. Upande wa oksaleti nyingi wapo spinachi, majani ya bitiruti na mchicha pia, japo mchicha kwenye jedwali una kalsiamu ya kutamanisha, miligramu 200 na zaidi. Kwahiyo kama unakula majani kwa ajili ya mifupa usihesabu spinachi wala mchicha, hesabu ndugu wa kabichi. Kwa vitu vingine mchicha ni mtamu, una vitamini C kama 43 na vitamini K ya kumwaga, sitaki mtu aondoke hapa ameuchukia.

Chuma nacho kina habari yake inayofanana na hiyo. Chuma cha mboga si kama cha nyama, mwili unakichukua kwa shida, na kiasi kinachoingia kinategemea umekula na nini. Vitamini C kwenye mlo huo huo inaweza kukiongeza mara mbili au zaidi, chai na kahawa ukinywa na chakula zinakishusha sana. Kwahiyo spinachi yenye chuma 2.7 na mchicha wenye 2.3, ile tofauti ya 0.4 haina maana yoyote ukilinganisha na kama umekatia nyanya na hoho mbichi pembeni au umeshushia na chai ya rangi. Dada zetu wanahitaji chuma miligramu 18 kwa siku katika umri wa kuzaa, wanaume ni 8, wajawazito 27, na mjamzito akiambiwa tu kula mboga za majani kwa wingi bila kuambiwa asishushie na chai, amepewa ushauri nusu. Naomba wanaotoa huo ushauri waumalizie.

Kwenye vitamini C watu wote wanakimbilia machungwa, na mimi hapa nasimama upande wa hoho. Chungwa lina kama miligramu 53 kwa gramu 100. Hoho ya kijani ina 80. Hoho nyekundu ina karibu 130! Na ni tunda lile lile, ile ya kijani ikiachwa kwenye mti ndo inakuwa nyekundu, muda tu ndo umeongeza. Brokoli mbichi ni 89, keli ni zaidi ya 90. Mwanasayansi Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipokuwa anahitaji vitamini C nyingi ya kufanyia utafiti, miaka ya mwanzo ya 1930, aliipata kwenye pilipili za paprika zilizolimwa huko Szeged, na mwaka 1937 akapewa Nobel. Mahitaji ya siku kwa mtu mzima ni 75 mpaka 90 kwa viwango vya Marekani, kwahiyo nusu ya hoho nyekundu kubwa ikiliwa mbichi inakaribia kumaliza kazi, na uzuri wa hoho ni kwamba wengi tunaila mbichi au imepita motoni kidogo tu, haipotezi kama majani yanayochemshwa.

Na kabichi. Kabichi inaonewa. Kwa sababu ni nyeupe na haina mbwembwe watu wanadhani haina kitu, wakati ina vitamini C kama miligramu 37 kwa gramu 100, inazidi spinachi mbichi, inazidi nyanya yenye 14 kwa mbali sana, na ina faida ya kukaa, haichakai siku mbili kama majani laini. Kapteni James Cook alipoondoka Uingereza mwaka 1768 alipakia melini kabichi iliyochachushwa kwa wingi ili mabaharia wasipate kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C. Sehemu ambayo kabichi iko nyuma ni vitamini A, hapo karibu hakuna, na hata kwenye kabichi moja majani ya nje ya kijani yana zaidi kuliko ya ndani meupe, kwahiyo yale ya nje kama ni mazima usiyatupe, yaoshe tu vizuri.

Rangi inasaidia sana kukisia, kiukweli ukiwa huna jedwali rangi ndo jedwali lako. Letasi ile nyeupe ya mduara inayolia kachakacha ina vitamini A mikrogramu 25 tu, na letasi ndefu ya kijani ina 436, na zote tunaziita saladi. Karoti ina kama 835 kwa gramu 100, spinachi 469, boga 426, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kama 700, na kiazi kitamu cheupe karibu sifuri. Kile cha rangi ya chungwa kilichokuwa karibu na mkia kwenye orodha ya kalori, chenye 10 na nusu, kumbe mtoto akila kipande cha kueleweka amemaliza vitamini A yake ya siku nzima! Mtu mzima anahitaji 700 mpaka 900. Na usiogope kuzidisha karoti, ukizidisha sana ngozi ya viganja inaweza kuwa ya njano lakini sumu haipo, mana kwenye mboga kilichopo ni karotini, ile rangi ya karoti, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A kwa kiasi unachohitaji tu.

Ila hii vitamini A ya mboga inataka mafuta. Chuo Kikuu cha Iowa State walitoa utafiti mwaka 2004, waliwapa watu saladi ya spinachi, letasi, nyanya na karoti, mara nyingine ikiwa na mchuzi usio na mafuta, mara nyingine mafuta kidogo, mara nyingine mengi, halafu wakapima damu. Saladi isiyo na mafuta, karotini zilizofyonzwa zilikuwa karibu na hakuna. Unakaa na bakuli zuri la rangi zote, umejinyima mafuta kwa ajili ya afya, na ile karotini inapita tu inaenda zake. Hauhitaji kuogelesha mboga, kijiko cha mafuta, parachichi, karanga, yai, chochote chenye mafuta kwenye mlo huo huo kinatosha. Na karoti ikipikwa au ikisagwa inatoa karotini kirahisi kuliko ikitafunwa mbichi, nyanya nayo ikipikwa na mafuta inaachia laikopini yake, ile rangi nyekundu, vizuri zaidi, ndo maana nyanya ya kopo haistahili dharau inayopewa, kwenye laikopini inaizidi mbichi mara nyingi, angalia tu chumvi iliyowekwa.

Brokoli ina jambo lake la peke yake. Mwaka 1992 timu ya mwanasayansi Paul Talalay pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilitenga kutoka kwenye brokoli kitu kinaitwa salforafeni, kinachoamsha vimeng'enya vya mwili vya kupambana na sumu. Ajabu ni kwamba ndani ya brokoli nzima karibu hakipo, kinatengenezwa pale unapoikata au kuitafuna, kimeng'enya kimoja kinakutana na malighafi yake iliyokuwa imehifadhiwa mbali. Ukiiweka nzima kwenye maji ya moto kile kimeng'enya kinakufa kabla ya kufanya kazi. Kwahiyo ikate kwanza, iache nusu saa hivi au zaidi kidogo ndo upike, na upike kwa mvuke isiive sana. Brokoli mbili za uzito sawa, kisu kimetangulia kwa moja, nyingine hapana, na zinakupa vitu tofauti, sasa hiyo jedwali gani litakuonyesha?

Tango, biringanya na ndugu zao nitawapitia haraka. Tango ni maji asilimia 95, vitamini C kama 3, kwa namba yuko chini na hakuna haja ya kumpamba, unamla kwa maji na kwa kujaza tumbo bila kalori, na usimmenye maganda. Biringanya ni faiba gramu 3 na sio mengi zaidi. Bamia wako vizuri kuliko wanavyosifiwa, faiba 3.2, kalsiamu 82, vitamini C 23. Na vitamini B12 usiitafute kwenye mboga yoyote kati ya hizi, haipo, asiyekula kabisa vitu vya wanyama aipate kwingine.

Kuna watu ambao orodha ya mboga bora kwao inageuka juu chini, na hawa nawaomba wasichukue ushauri wa mtu yeyote mtandaoni nikiwemo mimi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, vitamini K inapingana na dawa yake, na spinachi, keli na mchicha zina vitamini K nyingi mno, spinachi pekee ina mikrogramu 480 hivi kwa gramu 100 wakati mtu mzima anahitaji 90 mpaka 120 kwa siku. Haina maana aache majani, inatakiwa kiasi kiwe kile kile wiki hadi wiki, asije akasoma posti ya spinachi leo akaanza kula bakuli kila siku bila daktari wake kujua. Mwenye figo zilizochoka anaweza kuambiwa apunguze potasiamu, na hapo spinachi, nyanya na viazi vinakuwa vya kuhesabiwa. Na aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti, zile juisi za spinachi mbichi za asubuhi hazimfai kabisa, akitaka majani achukue keli, kabichi au brokoli, na siku akila spinachi aichemshe amwage yale maji, oksaleti nyingi inaondoka nayo.